SOMO: Unga wa kuchezea wa kupika jikoni pamoja na watoto, likizo ya msimu wa joto

Kila likizo ya msimu wa joto ikianza maswali ni yaleyale: unga wangu unanata, wangu umeota ukungu, wangu umekauka ukapasuka. Nimejibu haya kwenye mada za watu wengine hadi nimechoka, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja. Ukiuliza kitu ambacho kimo humu nitakurudisha humuhumu.

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: huu ni unga wa KUPIKWA. Ipo njia ya kuchanganya unga na maji baridi, mkakanda, mkacheza. Siipendekezi kwenye nyumba yenye watoto wadogo. Unga wa ngano unaonunuliwa ni kitu kibichi, haukupitia moto wa kuua vijidudu. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasiwape watoto unga mbichi wa kuchezea, baada ya watu kuugua kutokana na unga wenye bakteria aina ya E. koli. Mtoto hahitaji kuula ili augue. Kutia vidole mdomoni kunatosha.

MAHITAJI
Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji vikombe 2, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 2, na krimu ya tata (ule unga mweupe mchachu wanaotumia waoka keki) vijiko vikubwa 2. Huna krimu ya tata? Tia maji ya limau vijiko vikubwa 4 na upunguze maji ya kawaida kwa kiasi hichohicho. Uchachu huo husaidia donge kubaki laini na huchelewesha ukungu. Rangi ya chakula ukitaka.

Kikombe ni chochote, mradi utumie kilekile mwanzo hadi mwisho.

HATUA YA 1. Pasha maji yawe vuguvugu, tia chumvi, mwachie mtoto akoroge mpaka sehemu kubwa iyeyuke. Chumvi ya mawe haifai, inabaki chengachenga ndani ya donge na kukwaruza mikono.

HATUA YA 2. Tia mafuta na rangi kwenye maji hayo.

HATUA YA 3. Unga na krimu ya tata viwe kwenye sufuria. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga hadi mabonge yaishe. Hapa moto bado haujawashwa, kwa hiyo hii ni kazi ya watoto kabisa. Mmoja amimine, mwingine akoroge.

HATUA YA 4. KUSONGA. Hapa ndipo unga unapoharibika, nami hapa ndipo nilipokuwa nikiuharibu, kwa hiyo soma polepole.

Moto uwe wa wastani, ukiegemea upande wa chini. Sufuria iwe nzito. Mwanzoni ni uji mwepesi na hakuna kinachotokea, utadhani moto haushiki. Kisha chini panaanza kushika: mwiko unaleta mapande juu huku pembeni bado ni uji. Hapo wengi hushtuka wakidhani wameharibu. Hujaharibu. Endelea kusonga ukikwangua chini na kwenye kona za sufuria. Mapande yanaungana, mwiko unakuwa mzito, halafu ghafla donge zima linaufuata mwiko na sufuria inabaki safi.

Hapohapo ndipo watu wanapozima moto. USIZIME. Nje limeiva, katikati bado. Ligeuze, lipasue kwa mwiko, lisonge tena dakika moja au mbili. Kisha chota kipande kidogo kwa kijiko, kiache kipoe, ukibonyeze kwa kidole gumba na cha shahada. Kikiacha utando kwenye vidole, rudi motoni. Kikiachia vidole vikavu na ule mng'ao wa majimaji umekwisha juu yake, sasa zima.

Sababu ni hii. Wanga wa ngano huanza kumeza maji na kuvimba ukifika karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Sehemu ya donge ambayo haijafika hapo ina maji yaliyo huru, na maji hayo ndiyo yanayonata mikononi. Kwa hiyo unga unaonata hauponi kwa kuongezewa unga mkavu, unapona kwa moto. Ukiongeza unga mkavu, mosi umeurudisha ule ubichi tuliokuwa tunaukimbia, pili kesho donge litakuwa gumu na litapasuka.

Maonyo ya hatua hii:
– Mtoto mkubwa anaweza kushika mwiko, lakini mpini wa sufuria unashikwa na mtu mzima.
– Moto mkali hupika chini ukaacha juu, ukapata maganda ya kahawia ndani ya donge.
– Ukipitiliza, donge litameguka chengachenga. Loanisha mikono, likande likiwa bado na joto, litarudi.

HATUA YA 5. Mwaga donge mezani, lifunike kwa kitambaa kibichi, ngojeni. Donge hupoa nje kwanza na ndani bado linaunguza. Mtu mzima alipasue katikati na aguse kwa ndani kabla ya kumpa mtoto. Likishakuwa vuguvugu, kandeni wote mpaka liwe nyororo. Huu ndio wakati mtamu kuliko yote, usiwanyime.

HATUA YA 6. Lipoe KABISA ndipo uweke kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Likiingia na joto, mvuke unageuka matone, juu panakuwa utelezi, na ukungu hauchelewi. Likitunzwa vizuri linadumu wiki kadhaa. Ukiona doa la ukungu, tupa lote, usikwangue doa.

HATUA YA 7. Wape vyombo, msiwape mfano. Uma, kijiko, kifuniko cha chupa, kitana kisichotumika, jani lenye mishipa, kipande cha kitambaa kilichofumwa. Sukuma kipande kwenye chujio la chai uone nywele zinavyotokea upande wa pili. Mtoto atatengeneza vichwa mpaka jioni. Ukimfinyangia ndovu mzuri wewe mtu mzima, atakaa kukuomba ndovu mwingine badala ya kufinyanga. Na usimwulize "hii ni nini?" Mwambie akusimulie.

Karibuni kwa maswali.

Mlezi Mpya: Asante kwa somo mkuu. Vipimo ni vipi?

Mwandishi: Vipo chini ya neno MAHITAJI.

Baba Wanne: Wangu unanata sana. Nimeongeza unga vikombe viwili bado unanata. Nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 4, aya ya mwisho kabla ya maonyo. Huo wako sasa nusu yake ni unga mbichi na chumvi imepungua. Tupa, anza upya, upike hadi mwisho.

Baba Wanne: Kutupa chakula si vizuri.

Mwandishi: Ni kweli, na ndiyo maana nimeandika onyo kabla hujafika huko. Ukiwa hutaki kuutupa, gawa mafungu madogo, urudishe motoni fungu moja moja kwa maji na chumvi kidogo, usonge mpaka uive. Utakuwa mgumu kidogo, lakini utachezeka.

Jiko la Mwanzi: Kupika kote huko ni kujitesa. Mimi namwaga maji yanayochemka juu ya unga, nakanda, basi. Miaka yote hakuna aliyeugua.

Mwandishi: Sikatai, njia hiyo hutoa donge zuri la kushikika. Ila maji ya moto yakikutana na unga na chumvi baridi hupoa hapohapo, na huna namna ya kujua kama kila sehemu imepata moto wa kutosha. Sufuria inakupa dakika kadhaa za moto wa uhakika. Somo hili ni la nyumba yenye watoto wa kutia vidole mdomoni, siwezi kuwaandikia njia ya "hakuna aliyeugua".

Shangazi Rangi: Tumeupika leo na umetoka kama ulivyoeleza, hongera sana. Tulitumia manjano ya jikoni badala ya rangi ya dukani. Sasa binti wa kaka yangu alikwenda kunawa kwa sabuni ya kipande, mikono ikageuka mekundu! Alilia akidhani ameumia. Ni nini kile?

Mwandishi: Shangazi, umenifurahisha na swali hili. Hajaumia. Manjano ina rangi iitwayo kukumini, na rangi hiyo hubadilika ikikutana na kitu chenye asili ya magadi, kama sabuni ya kipande. Kwenye uchachu inabaki njano, kwenye sabuni inakuwa nyekundu ya kahawia. Mdondoshee limau mkononi aone inavyorudi njano mbele ya macho yake. Kisha mpe vipande viwili vya donge la manjano: kimoja atie ndani soda ya kuokea kidogo, kingine akiache. Atakuwa na rangi mbili kutoka kiungo kimoja.

Kabichi ya zambarau inafanya makubwa zaidi. Ikate, ichemshe, tumia maji yake badala ya maji ya kawaida. Kwa kuwa donge letu ni chachu, litatoka la pinki au la zambarau. Kipande utakachokanda na soda ya kuokea kitaelekea kwenye buluu, ukizidisha kinakuwa kijani. Bitiruti ni nzuri lakini haipendi moto, rangi yake huvunjika ikipikwa sana. Chuja juisi nzito, uikande kwenye donge likiwa vuguvugu, baada ya kutoka motoni. Juisi kidogo tu, isije ikalilowesha.

Shangazi Rangi: Limau limefanya kazi! Sasa kila kitu jikoni anakipaka manjano. Nguo je?

Mwandishi: Fua kwa sabuni, doa litageuka jekundu, usiogope. Anika juani. Kukumini haivumilii jua, doa litapauka lenyewe, pengine kwa kuanika zaidi ya mara moja.

Mama Mapacha: Kwetu ni joto na unyevu. Nililiacha mezani usiku, asubuhi lina majimaji juu kama limetoka jasho. Lilikuwa limeiva vizuri jana yake, nina hakika.

Mwandishi: Nakuamini. Hiyo ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, na usiku wa msimu wa joto huo ni wa kawaida sehemu nyingi. Donge lililoiva likiachwa wazi kwenye hewa kavu linakauka, kwenye hewa nzito linalowa. Dawa ni moja, mfuniko. La leo lipashe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo, ukiligeuzageuza, litarudi.

Mlezi Mpya: Mbwa wetu amekula kipande. Si ni unga tu?

Mwandishi: HAPANA. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, kabla ya kusoma mstari unaofuata.

Kwa wengine wote: donge hili lina kikombe kizima cha chumvi. Kwa mbwa hiyo ni sumu, inaweza kumletea kutapika, kiu kali, kuyumba, mitetemeko, hata kifo. Msimngoje aonyeshe dalili, na msimtapishe kwa chumvi kama wanavyoshauri baadhi ya watu, mtamzidishia. Kwa mtoto, kuonja mara moja ladha ya chumvi humfanya ateme mwenyewe, lakini akimeza mapande mpelekeni hospitali. Ilipaswa niliweke juu kabisa, nitaliongeza.

Mlezi Mpya: Daktari anasema kipande kilikuwa kidogo, tumwangalie na tumpe maji. Asante.

Mwandishi: Nimefurahi kusikia. Chombo kiwekwe juu.

Fundi Mdogo: Mimi nina miaka 11 natumia simu ya mama kwa ruhusa. Nani aligundua unga wa kuchezea?

Mwandishi: Karibu sana Fundi. Watu wamekanda unga nyumbani tangu zamani, ila ule maarufu wa dukani, Play-Doh, ulianza kama kitu cha kusafishia karatasi za ukutani huko Cincinnati, Marekani. Nyumba zilipashwa joto kwa makaa, masizi yakachafua kuta, watu wakawa wanabingirisha donge juu ya karatasi linayabeba. Makaa yalipoacha kutumika, biashara ikadorora. Mwalimu wa chekechea aitwaye Kay Zufall akaona watoto wanaweza kulifinyanga, na katikati ya miaka ya 1950 likauzwa kama kitu cha kuchezea. Jaribu lako kwenye ukuta uliopakwa rangi ya kuosheka, mama akiruhusu.

Mama Mapacha: Mmoja wa mapacha wangu ana mzio wa ngano. Anakaa kuangalia wenzake tu.

Mwandishi: Asikae. Chukua soda ya kuokea vikombe 2, wanga wa mahindi kikombe 1, maji kikombe 1 na robo. Songa kwenye moto mdogo mpaka iwe nzito na ikauke juu, funika kwa kitambaa kibichi ipoe, kisha kanda. Haina ngano, ni nyeupe safi, na ikianikwa inakuwa ngumu. Itumieni wote siku hiyo, na meza ifutwe vizuri kwanza. Angalia pia pakiti ya wanga imeandikwa nini kuhusu ngano.

Baba Wanne: Nimeanza upya kama ulivyosema, safari hii umekubali. Sasa nataka alama ya mkono wa mtoto ikae miaka. Nianike hili?

Mwandishi: Safi sana. Usilianike hili, lina maji mengi na litapasuka. Kwa kumbukumbu kanda unga vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kama kikombe 1, bila mafuta, bila kupika kwanza. Hili ni bichi, kwa hiyo mtoto abonyeze mkono, anawe, basi. Unene usizidi sentimita 1. Oka kwa nyuzi 100 hadi 120 kwa saa 2 au 3, ukiligeuza katikati ya muda. Moto mkubwa zaidi ya huo huvimbisha na kupasua. Toboa tundu la uzi kwa mrija kabla ya kuoka, maana likishakauka huwezi tena.