Ukipata kidude cha breli cha kuandikia noti, anza hivi

Mimi ni sekretari wa chama chetu hapa Kondele, Kisumu, na sioni. Kumbukumbu za mkutano nilikuwa naandika breli (yale maandishi ya nukta unasoma kwa vidole) na sleti na stailasi, yaani fremu na msumari wa mkono, ile ya kudunga nukta kutoka kulia kwenda kushoto alafu unageuza karatasi ndio usome, kwa hivyo mtu akisema "hebu turudie hapo kwa pesa" unatoa karatasi, unasoma, unarudisha, unatafuta mstari ulikuwa wapi, watu wote wanakungoja. Perkins, ile mashine ya kuchapa breli kwa karatasi, nayo ni karibu kilo 5, we jaribu kuingia nayo matatu siku ya soko Kibuye. Saa hii natumia Orbit Reader 20, kidude cha breli cha kuandika na kusoma kwa nukta zinazopanda na kushuka zenyewe, nusu kilo hivi, inakaa tu kwa mkoba.

Kabla ununue chochote tafuta mwenye nacho ukiguse, usisomewe tu sifa zake. Nukta za Orbit ni ngumu, zinasimama kama za karatasi, lakini mstari ukibadilika kuna sauti ka-krr utaisikia, na si haraka kama zile mashine za bei kali. Seli, yaani nafasi za herufi kwa mstari, ni 20. Kwa Kizungu hiyo si mbaya, kwa Kiswahili chetu "tutakapowatembelea" pekee inakula 18, kwa hivyo zoea kidole gumba kukaa kwa ile swichi ya kusongesha mbele. Pia haiongei. Wengine hiyo inawaudhi, mimi ndio naipendea, juu nikiandika masikio yangu yako kwa mkutano, na mvua ikianza kupiga mabati simu inayoongea haikusaidii na kitu.

Sasa hapa ndio watu wengi huchomeka. Mwezi wangu wa kwanza niliandika vizuri sana, nikachukua kadi ya SD nikampelekea mama mweka hazina afungue kwa kompyuta. Akanyamaza. Alafu, "Sekretari, hii ni pesa ama ni nini?" Mahali pa 500 alikuwa anaona #ejj, na kila sentensi ikiisha kuna 4. Nilikuwa nimeandika faili ya BRF, aina ya faili ya breli, na BRF inaweka nukta vile zilivyo: namba za breli ni herufi a mpaka j zikitanguliwa na alama ya namba, na nukta ya mwisho wa sentensi kwa kompyuta inatokea kama 4. Wewe ukisoma kwa vidole iko sawa kabisa, ni mwenye macho anaona maajabu.

Dawa yake ni hii: noti zako binafsi ziandike ndani ya kidude. Zile za kusomwa na watu, unganisha kidude na simu kwa Bluetooth, washa TalkBack (ile ya Android ya kusomea wasioona skrini), fungua WhatsApp ama programu yoyote ya noti kisha chapa kwa vitufe vya breli, simu yenyewe itageuza iwe herufi za kawaida. Lakini kwanza ingia setingi za breli za TalkBack uchague breli isiyofupishwa, ile ya kila herufi na seli yake, kuandika na kusoma zote mbili. Ukiacha ile ya kufupisha ya Kizungu, "karatasi" utaipata "ar" yake imebanwa seli moja, "shamba" nayo "sh" imebanwa, unasoma kama mtu anakula maneno. Herufi zetu ni zile zile tu, hata ng' ni kuongeza alama moja.

Kadi ya SD nakili kila wiki kwa flashi ama kompyuta ya mtu unayemwamini (kadi ndogo hivyo ikianguka kwa nyasi umeisha). Chaji stima ikiwepo, usingoje jioni.

Na kama pesa ya kidude haijapatikana, usikae bure. TalkBack iko na kibodi ya breli kwa skrini tangu 2020. Washa, lalisha simu kwa upana, skrini iangalie mbele mbali na wewe, vidole vitatu huku na vitatu huku. Nafasi ni kutelezesha kidole kimoja kulia, kufuta ni kushoto. Jasho likishika skrini inakosea herufi, mi huwa naweka kitambaa kwa paja nafuta mikono kila ajenda ikiisha.