Somo: Kuchora grafu kwa derivativu, bila kubahatisha

Wiki hii nimeulizwa hili mara tano. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Mfano wetu: f(x) = x⁴ − 4x³.

1. Inakata mhimili wa x wapi? x³(x − 4) = 0, yaani 0 na 4.

2. Derivativu ya kwanza, yaani mteremko wa grafu: 4x²(x − 3). Ni sifuri penye 0 na 3.

3. Hapa tulia. Kwenye mtihani wa majaribio, Fomu Sikisi, niliona ile 0 nikachora kilele palepale. Mteremko si umekwisha? Lazima igeuke! Haigeuki. Pima pande zote mbili: x = −1 inatoa −16, x = 1 inatoa −8. Hasi kote. Grafu inashuka, inalala kidogo, kisha inashuka tena. Penye 3, x = 2 inatoa −16, x = 4 inatoa 64: hasi kisha chanya, hilo ndilo bonde, (3, −27). Usichore chochote kabla ya kupima alama, hasi au chanya. Narudia, chochote.

4. Derivativu ya pili, yaani jinsi mteremko wenyewe unavyobadilika: 12x(x − 2). Kati ya 0 na 2 ni hasi, grafu ni bakuli lililofunikwa. Kwingine bakuli limekaa wima. Inabadilika penye (0, 0) na (2, −16).

5. Unganisha.

— Mkuu, kwa hiyo penye 0 ni kilele au bonde?

Hatua ya 3.

— Ticha wetu anatumia derivativu ya pili tu, fasta. Unatuchanganya.

Sijasema amekosea. Penye 3 inatoa 36, chanya, bonde, umemaliza. Penye 0 inatoa 0. Haya, malizia.

— Kaka, nimejaribu x⁴ tupu. Penye 0 derivativu zote mbili ni 0, lakini ni bonde kabisa!

Safi, umejaribu mwenyewe. Endelea kutafuta derivativu mpaka upate isiyo sifuri. Kwa x⁴ ni ya nne, 24: nne ni shufwa, inageuka, na kwa kuwa ni chanya ni bonde. Kwa mfano wetu ni ya tatu, −24: tatu ni witiri, haigeuki. Jaribu −x⁴ uniambie.

— Kilele! Ila ule mfano wako umenimalizia karatasi chini.

Mhimili wa y, sentimita 1 iwe 5. Na penseli ichongwe.