Somo: Kabla hujanunua matairi makubwa ya fowili hapa Malindi

Jumapili moja ya kaskazi nilimkuta kijana amezama na Prado yake ufukweni Mambrui. Matairi yake mapya, 285/70R17, yale ya matope yenye meno kama ya trekta, na bado yalikuwa yamejichimbia mpaka difu ikakalia mchanga. Maji yameanza kujaa. Watu sita wanasukuma, mmoja ameshika kamba, na kila mtu ana lake la kusema. Nikamwuliza, "Upepo umeweka ngapi?" Akajibu psi arobaini (psi ni kipimo cha upepo), ndivyo alivyoambiwa alipofungiwa. Tukatoa mpaka 16, tukafukua mchanga mbele ya kila gurudumu kwa mikono, akaingiza gia nzito akatoka taratibu. Kamba haikutumika.

Tangu siku ile naulizwa habari ya matairi makubwa karibu kila wiki, nikaona heri niandike mara moja. Gari la mfano ni Prado 120 kwa kuwa ndilo nililonalo. Mwenye Hilux au Land Cruiser abadilishe tarakimu tu.

Hatua ya 1: Hesabu njia zako

Chukua karatasi uandike ulikokwenda mwezi uliopita. Wengi wetu tutakuta lami: Watamu, Kilifi, Mombasa na kurudi. Halafu kuna mchanga wa Mambrui na Ngomeni, changarawe za upande wa Langobaya ukielekea lango la Sala kuingia Tsavo Mashariki, udongo mwekundu wa Marafa ambao ukinyeshewa ni sabuni, na huko mbele kwenye delta ya Tana ule udongo mweusi unaoganda kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko.

Matairi nayo yana herufi zake. H/T ni ya lami. M/T ni ya matope. A/T yako katikati. Ukiniuliza mimi, watu tisa kati ya kumi hapa wanahitaji A/T, na wa kumi ana trekta tayari. M/T hujisafisha vizuri kwenye matope, hilo silikatai, lakini kwenye mchanga mkavu meno yale yale yanachimba shimo, kwenye lami yanavuma mpaka redio huisikii, na lami ikilowa mpira unaoshika barabara ni mchache, kwa hiyo breki zinachelewa.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi, kisha piga hesabu

Prado yangu ilikuja na 265/65R17. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya ule upana. 17 ni rimu kwa inchi. Sasa: 265 mara 0.65 ni 172.25. Zidisha kwa mbili, kwa kuwa kuna ubavu wa juu na wa chini, upate 344.5. Ongeza rimu, 17 mara 25.4, ambayo ni 431.8. Tairi zima lina kimo cha milimita 776.

Ukifanya vivyo hivyo kwa 265/70R17 utapata 803. Kwa 285/70R17 utapata 831.

Hapa ndipo watu hujidanganya. Gari halipandi kwa tofauti yote, linapanda nusu yake, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. 265/70 inakuinua milimita 13 hivi, hazifiki upana wa kidole gumba. 285/70 inakuinua 27. Na spidomita inadanganyika pia: kwa 285/70 ikikuonyesha 80, wewe uko karibu na 86. Kwa 265/70 tofauti ni kama asilimia tatu na nusu, hiyo unaweza kuishi nayo.

Ukilazimika kuchagua kati ya tairi pana na tairi refu, chukua refu. Pana hukupa sura nzuri ukiegesha mkahawani, lakini njiani linasukuma mchanga mwingi zaidi mbele yake na kumwaga matope mpaka kwenye kioo.

Baada ya vipimo kuna nambari ya uzito. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. Usishuke chini ya ile iliyokuja na gari, hata muuzaji akiapa.

Hatua ya 3: Pima nafasi kwa chokaa

Azima tairi moja la ukubwa unaoutaka kwa mwenzako, ulifunge mbele. Koroga chokaa iwe nzito kidogo, paka mabega yote mawili ya tairi. Kata usukani wote kulia, wote kushoto, nenda mbele na rudi nyuma, kisha pandisha gurudumu hilo juu ya jiwe ili springi ikandamizike, ukate tena. Shuka uchungulie ndani ya madigadi na nyuma ya bampa. Palipo na alama nyeupe, tairi linagusa. Kwenye Prado 120, 265/70 mara nyingi hupita bila alama. 285/70 itakuandikia barua nzima, na hapo unaanza kuzungumzia kuinua gari na kukata plastiki.

Hatua ya 4: Rimu

Mashimo sita hayatoshi. Prado, Hilux na Pajero zote zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, na ndiyo maana watu huazimana rimu. Lakini tundu la katikati la rimu ya Prado ni milimita 106.1, na la Pajero za miaka ya karibuni ni 67.1. Rimu ya Pajero hiyo haiwezi kukalia habu (kitovu cha gurudumu) ya Prado. Ya Prado itaingia kwenye Pajero, ila itaning'inia kwenye nati peke yake bila kubebwa na habu, mpaka uweke pete ya kuziba nafasi.

Nyuma ya rimu kuna nambari yenye ET, yaani milimita kati ya uso unaokalia habu na katikati ya upana wa rimu. Ikishuka kutoka 30 hadi 0, kila gurudumu linatoka nje milimita 30. Gari linapendeza kweli, na beringi zinalia kimyakimya. Na nati: kwa rimu za Toyota zenyewe, zile bapa zenye washa ni za aloi, zenye ncha ya koni ni za chuma. Ukizichanganya zitalegea. Kaza kwa kuruka upande wa pili, usizunguke kama saa, kisha rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Hatua ya 5: Tafuta tarehe, hata kama ni kulala chini ya gari

Mwaka 2021 nilinunua matairi manne katika duka fulani, silitaji. Yaling'aa kama viatu vya Idi. Wiki ya tatu nikaona nyufa nyembamba ubavuni, nyembamba kama unywele. Nikatafuta tarehe kwa nje, hakuna. Nikaingia uvunguni na tochi ya simu, nikafuta kwa kitambaa, nikaisoma: 1114. Wiki ya 11 ya mwaka 2014. Miaka saba stoo, kisha yakapakwa rangi. Nambari kamili ya DOT, ile inayoishia na tarehe, huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na yule bwana aliyafunga yote manne tarehe ikiangalia ndani. Nilirudi dukani nikaambiwa yameshatumika.

Sasa nasoma tarakimu nne za mwisho kabla tairi halijagusa rimu, na nasimama pale pale mpaka kazi iishe.

Matairi ya theluji yanayokuja na gari kutoka Japani

Hili halina hatua, lakini lina watu wengi. Gari likishuka Mombasa, wakati mwingine lina matairi yenye kashata (yale meno ya tairi) nene na mpya, na mwenyewe anafurahi. Angalia ubavuni: limeandikwa STUDLESS, au lina picha ya mlima wa vilele vitatu na theluji ndani yake. Pitisha kucha juu ya kashata, utaona mipasuo midogo mingi kama imechanjwa kwa wembe. Hilo ni tairi la baridi.

Mpira wake umetengenezwa ubaki laini chini ya nyuzijoto 7. Hapa kwetu hata alfajiri ya Julai hatukaribii huko. Kwenye lami ya saa nane mchana mpira huo unalegea, gari linayumba ukikata kona, breki zinachukua mwendo mrefu zaidi, na zile kashata ulizozifurahia zinaisha upesi. Wapo wanaosema ulaini unafaa mchangani. Sawa, lakini ufukweni unafika kwa kupita lami.

Herufi M+S (matope na theluji) peke yake zisikutishe, A/T nyingi zinazo. Na baadhi ya A/T zina ile picha ya mlima pia. Hizo hazina neno.

Upepo

Hapa ndipo ningekuwa nimeanzia. Nunua kipimo chako na kompresa ya kubana kwenye betri kabla ya tairi lolote.

Fanya jaribio hili mchangani. Tairi likiwa na psi 35, chomeka kijiti mbele na kingine nyuma ya pale linapogusa ardhi. Toa upepo mpaka 18, chomeka tena. Utaona alama imerefuka mbele na nyuma, na kupanuka kidogo tu pembeni. Huo urefu ndio unaoelea juu ya mchanga, na ndiyo sababu nikasema chukua tairi refu.

Mimi natumia 18 kwenye mchanga, 16 nikishazama, 22 hadi 25 kwenye matope, na ile iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva nikiwa lami. Ukishateremsha upepo hivyo usikimbie wala usikate kona kali, tairi litatoka kwenye rimu. Penye mawe ya matumbawe usiteremshe sana, ubavu unatuna nje na jiwe linauchana. Na kabla ya kurudi lami, jaza. Tairi lenye upepo mdogo likienda kasi linachemka na kupasuka.

Na tafadhali, ufukweni kasa hutaga juu kule kwenye mchanga mkavu. Piteni njia zilizopo.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Gongoni: Mwalimu, nina Jimny mpya yenye 195/80R15. Nataka 235/75R15. Itaingia?

Ndugu yangu, kimo kinatoka 693 hadi 733, karibu asilimia sita. Kimo kinakubalika, lakini paka chokaa kwanza, hasa nyuma ya bampa la mbele. Injini yako ni ndogo, kilima utakisikia. Mimi ningeishia 215/75R15, wepesi wa Jimny ndiyo nguvu yake mchangani.

Mama Swaleh, Shela: Fundi, mtu wa pancha ananiambia niweke tyubu ndani ya matairi yasiyo na tyubu, eti hayatapata pancha tena. Ni kweli?

La, mama. Tyubu huongeza joto kwa kusuguana na tairi, na msumari ukiingia upepo hutoka kwa mpigo badala ya kuvuja polepole. Mwambie akuwekee kiraka cha ndani. Tyubu ni ya kufikisha gari nyumbani tu, siku rimu imepinda.

Mbeba maembe, Magarini: Pikapu yangu hubeba tani nzima. Nami niteremshe mpaka 18?

Ukiwa na mzigo, usithubutu. Shuka hadi 28 hivi, uende mwendo wa kobe. Pakikushinda, shusha mzigo kwanza, kisha upepo.

Binti Malindi, sasa Munich: Kaka, salamu kutoka kwenye baridi. Mume wangu ana Hilux, anataka matairi mapana ya A/T apitie majira yote. Nimwambieje?

Dada, huko sheria inafuata hali ya barabara. Pakiwa na barafu au theluji lazima tairi liwe na ile picha ya mlima, na tangu 1 Oktoba 2024 M+S pekee haikubaliki tena Ujerumani. Kwa hiyo A/T aitazame ubavu kabla ya kulipa. Wenyeji hufunga ya baridi kuanzia Oktoba mpaka Pasaka, na wengi wana seti ya pili ya rimu kabisa. Theluji ni kinyume cha mapenzi yake: tairi jembamba hukata mpaka kwenye lami, pana huelea. Mwambie pia fowili humsaidia kuondoka, haimsaidii kusimama. Kashata zisishuke chini ya milimita 4, ingawa sheria inaruhusu 1.6. Na apime upepo kila baridi ikizidi, maana nyuzijoto tano au sita zikishuka, psi moja hivi imeondoka.

Baba Fatma: Spea yangu ni ya ukubwa wa zamani. Kuna ubaya?

Kwa Prado upo, Baba Fatma. Magurudumu yote manne hufanya kazi muda wote, na moja likiwa dogo difu ya katikati inazunguka bila kupumzika mpaka ichemke. Nunua matano. Kama mfuko hauruhusu, tumia spea hiyo kufika kwa mtu wa pancha aliye karibu, si kufika Garsen.

Mwenye Probox, Kakuyuni: Mnatusahau sisi. Nina 155/80R14, nataka inyanyuke kidogo kwa njia ya Marafa.

Hatujawasahau, nyinyi ndio mnaotupita tukiwa tumezama. 165/80R14 itakupa milimita 8, mradi nambari ya uzito isishuke. Zaidi ya hapo utasugua. Toa yale mawe ya kuzuia gari uliyoyaacha kwenye buti, utapata milimita nyingine za bure.