Kuchagua seti ya vyuma vya gofu, na kuvipima kabla ya kuviamini

Namba iliyochongwa kwenye soli (upande wa chini wa kichwa) ya chuma cha gofu, yaani fimbo yenye kichwa cha chuma, haina sheria nyuma yake. Hakuna kanuni inayosema chuma 7 kiwe na digrii ngapi. Miaka ya 1980 chuma 7 cha kawaida kilikuwa na mwinamo wa uso, yaani lofti, wa digrii 35 hivi. Leo seti nyingi wanazouziwa wanaojifunza zina chuma 7 chenye digrii 28 hadi 30, ambayo ni karibu na chuma 5 cha enzi zile. Kwa hiyo mtu akikwambia chuma 7 chake kinakwenda mita 150, hajakwambia kitu mpaka ataje digrii, na ataje alipokuwa amesimama.

Mahali pana uzito mkubwa kwetu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na haiuzuii mpira sana. Mpigo uleule ukiupeleka Mombasa au Dar es Salaam, kadiria kupoteza asilimia 6 hadi 8. Anayefikisha mita 140 Nairobi atajikuta na 130 pwani, na hiyo ni tofauti ya fimbo moja nzima. Tena hewa nyepesi haiinui mpira vizuri, kwa hiyo bara mpira hushuka kwa mteremko mdogo na hukimbia zaidi ukigusa grini, yaani uwanja wa nyasi fupi wenye shimo. Seti yenye lofti kali, yaani digrii chache, inayoonekana nzuri pwani inaweza kukusumbua Nairobi kwa sababu hiyo tu.

Anza na mianya, siyo na sura

Kabla hujapenda kichwa chochote, tafuta orodha ya lofti za seti nzima. Unachotaka ni digrii 4 hadi 5 kati ya fimbo na fimbo, hasa kwenye fimbo fupi. Tatizo la seti za kisasa liko kwenye pichingi weji, fimbo ya mipigo mifupi: zamani ilikuwa digrii 48, sasa nyingi ni 43 au 44. Ukiwa na sendi weji (weji ya mchangani) ya digrii 56, katikati pana shimo la digrii 12 au 13, sawa na mita 25 au 30 ambazo huna fimbo yake. Wachezaji wengi hulijaza shimo hilo kwa kupiga pichingi nusu, mpigo mgumu kuliko wote mtu mwenye hendikapu kubwa (alama ya uwezo: ikiwa kubwa, mchezaji bado hajaiva) anaoweza kujitwisha. Nunua weji ya digrii 49 au 50, ikiwezekana ya seti ileile ili shafti, yaani ufito wa fimbo, ifanane.

Upande wa fimbo ndefu fanya kinyume: punguza. Piga mipira kumi kwa chuma 5 na kumi kwa chuma 4. Ikiwa wastani wa chuma 4 hauzidi wa chuma 5 kwa mita 8 angalau, huna kasi ya kukiinua chuma 4 hewani. Kiache, weka haibridi, fimbo yenye kichwa kinene kinachoinua mpira kwa urahisi. Sheria inaruhusu fimbo 14 tu kwenye begi, na kila nafasi ina thamani.

Kichwa

Vichwa vyenye mgongo mzima, vyembamba, vinampa mchezaji hodari uwezo wa kupindisha mpira atakavyo, lakini ukikosa katikati ya uso kwa sentimita moja umbali unaanguka vibaya. Vichwa vyenye mgongo uliochimbwa vina uzito uliosukumwa pembeni, hivyo havigeuki sana mpira ukigonga karibu na ncha au kisigino. Wazo hilo lilienezwa hasa na Karsten Solheim, mwanzilishi wa Ping, na ndilo linaloongoza vyuma vingi vinavyouzwa leo. Kama hendikapu yako ni zaidi ya 12, mgongo uliochimbwa ndio wako, na hakuna aibu yoyote.

Kuna pia chuma cha kufua na chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu. Watu husifu hisia ya chuma kilichofuliwa, lakini tofauti inayokuhusu zaidi ni kwamba kile ni laini, hupindika kirahisi fundi anaporekebisha pembe. Vichwa vilivyosubiwa kwa chuma cha pua kigumu huvumilia digrii moja au mbili tu; fundi akilazimisha zaidi, shingo inaweza kukatika.

Shafti

Herufi R, S na X kwenye shafti huonyesha ugumu, R ikiwa laini na X ngumu zaidi, lakini hazina kipimo cha pamoja. S ya kampuni moja inaweza kuwa laini kuliko R ya nyingine. Angalia uzito kwanza. Shafti ya chuma nzito ina gramu 120 hadi 130, ya chuma nyepesi 95 hadi 105, ya grafaiti 50 hadi 80. Kwa umbali wa pwani, mpira wako wa chuma 7 ukiruka chini ya mita 120, jaribu grafaiti. Kati ya 120 na 140, shafti nyepesi ya R inatosha wengi. Zaidi ya hapo nenda S. Shafti nzito kupita nguvu zako haijitangazi shimo la kwanza: inajitokeza kuanzia shimo la 13 au 14, mikono inapochoka na mipira yote inaanza kwenda kulia.

Urefu na mlalo

Vaa viatu bapa, simama wima, mikono ining'inie. Pima toka mkunjo wa kiganja hadi sakafuni. Ukipata sentimita 86 hadi 94, urefu wa kawaida utakufaa, ambao kwa chuma 7 ni inchi 37. Ukizidi au kupungua, ongea na fundi kuhusu nusu inchi.

Mlalo, yaani pembe kati ya shafti na ardhi, ndio kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote, na ndicho kinachoharibu mwelekeo hata mkono ukiwa mzuri. Kipime hivi:

1. Chukua kalamu ya ubao mweupe, chora mstari mnene kwenye mpira.
2. Uweke mpira kwenye nyasi, mstari ukiwa wima na ukielekea uso wa fimbo.
3. Piga mpigo wako wa kawaida, kisha tazama alama iliyobaki usoni. Rudia mara tano na chuma 7.

Alama ikisimama wima, sawa. Ikiegemea upande wa ncha kwa juu, fimbo imesimama mno, ncha inainuka, na mpira wa mpigaji wa mkono wa kulia utaelekea kushoto. Ikiegemea kisigino, fimbo imelala mno na mpira utaelekea kulia. Watu hubadilisha mshiko, msimamo na mwalimu kwa miezi kadhaa wakati dawa ilikuwa digrii mbili kwenye mashine ya kupinda. Mashine, nasisitiza: jiliwa na nyundo havifanyi kazi hii.

Ukinunua mitumba

Seti nyingi hapa zimeshapitia mikono mingine, na si vibaya. Vibingirishe vyuma juu ya meza ya kioo, shafti iliyopinda itarukaruka. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya weji na chuma 9: kama haunasi, mpira hautasimama kwenye grini. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, jaribu kusokota; kikicheza au kikilia, gundi imekufa. Chunguza kutu iliyochimba shafti, hasa seti ikitoka pwani, kwa sababu shafti iliyoliwa hukatika katikati ya mpigo na kichwa kikaruka. Hakikisha shafti zote zina lebo moja. Kisha toa sumaku. Vyuma vingi halisi hushikwa. Vichwa bandia vya aloi ya zinki havishikwi kabisa.

Gripu, yaani mipira ya kushikia kwenye mpini, zikiwa ngumu na zinang'aa, hesabu gharama ya kuzibadilisha zote kabla ya kukubaliana bei. Ukubwa ni sahihi ukishika kwa mkono wa kushoto na ncha za vidole vya kati na cha pete zikagusa kidogo tu tako la kidole gumba. Gripu nyembamba hufanya mikono igeuke haraka na mpira uende kushoto.

Soli na nyasi zetu

Nyasi aina ya kikuyu zina asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake limetokana na Wakikuyu. Kwenye feawei, yaani njia ya nyasi zilizokatwa, zinaubeba mpira juu kama uko kwenye brashi. Hapo kosa la kawaida ni kupita chini yake na kugonga juu ya uso, mpira ukapanda na kufa njiani. Usichimbe kwa nguvu. Kwenye rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni, vikonyo vyake hujizungusha kwenye shingo ya fimbo, uso ukajifunga. Fungua uso kidogo, bana vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, na chukua chuma chenye lofti zaidi hata kama hutafika grini. Chuma 5 kutoka rafu ya kikuyu ni uharibifu.

Udongo ukiwa mkavu na mgumu, soli pana huruka juu ya ardhi na ukingo wake ukagonga tumbo la mpira. Soli nyembamba inakufaa. Kwenye udongo mwekundu uliolowa masika, soli pana inaokoa, haizami. Kumbuka pia kwamba fundi akikaza (akipunguza) lofti kwa digrii moja, anaondoa digrii moja ya baunsi, yaani pembe ya soli inayoizuia kuzama, na soli itachimba zaidi.

Kuvipiga

Chuma hupigwa kikiwa bado kinashuka. Mpira kwanza, ardhi baadaye. Weka mpira katikati ya miguu kwa chuma 8, 9 na weji, upana wa mpira mmoja kuelekea mguu wa kushoto kwa 6 na 7, na miwili kwa 4 na 5. Mikono itangulie mpira kidogo, uzito zaidi ya nusu uwe mguu wa kushoto wakati wa kugonga.

Kwa mazoezi, chora mstari wa chokaa kwenye nyasi, usimame mstari ukiwa mahali pa mpira, na piga bila mpira. Divoti, yaani kipande cha nyasi kinachokatwa, ianzie kwenye mstari au mbele yake. Ikianzia nyuma, uzito umebaki mguu wa kulia, na hiyo ndiyo sababu ya kupiga udongo kwanza. Sababu hiyohiyo huleta pia mpira wa kichwa, yaani unaogongwa sehemu ya juu, kwa kuwa fimbo iliyofika chini mapema huwa tayari inapanda. Kuhusu mpira unaogonga shingo na kukimbilia kulia, paka uso wa fimbo unga wa miguu ujue unagonga wapi. Mara nyingi uzito umeingia kwenye vidole vya miguu na mwili umesogea karibu na mpira.

Mwisho, pima umbali wa hewani, usihesabu kubingirika. Mipira 10 kila fimbo, mipira ileile unayochezea, siku isiyo na upepo. Tupa miwili mibaya kabisa, chukua wastani wa minane. Andika namba hizo kwenye kibandiko chini ya gripu, na kama unacheza bara na pwani, andika safu mbili.