Jinsi ya Kumchagulia Mtoto Dawa ya Mzio wa Msimu, Hatua kwa Hatua

Msimu wa chavua unapoanza, swali ninaloulizwa zaidi kwenye dirisha la dawa ni hili: "Daktari, ipi ndiyo kali?" Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini nimekwisha kuzoea kuitwa hivyo. Mzazi huuliza akiwa amemshika mkono mtoto mwenye macho mekundu na pua iliyochubuka kwa kufutwafutwa, na ni haki yake kutaka nafuu ya haraka. Hata hivyo, ukali si kigezo kinachosaidia kuchagua dawa hizi. Mtoto hufaidika zaidi na dawa moja iliyochaguliwa kwa kuangalia umri wake na dalili inayomsumbua kuliko zote, kisha ikapimwa sawasawa, kuliko dawa tatu zilizochanganywa kwa kubahatisha. Hatua zifuatazo ndizo ninazozipitia kichwani kabla sijanyoosha mkono kuchukua kisanduku chochote rafuni.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba unachokiona ni mzio

Mzio wa msimu hutokea pale kinga ya mwili inapoichukulia chavua ya miti, nyasi au magugu kuwa ni adui, ikamwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho na kamasi, kwenye utando wa pua na macho. Matokeo yake ni chafya za mfululizo, kamasi nyepesi kama maji, pua kuziba na, zaidi ya yote, muwasho. Muwasho ndiyo dalili ninayoiamini kuliko nyingine. Mtoto mwenye mzio husugua pua kwa kiganja akikisukuma kuelekea juu, na akifanya hivyo kwa muda mrefu, huota mstari mwembamba unaokatiza pua yake. Mafua ya virusi, kwa upande mwingine, huweza kuja na homa na maumivu ya koo, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, ilhali mzio hauleti homa, hudumu kwa wiki kadhaa, na hurudi majira yale yale ya mwaka unaofuata.

Kuna watoto wawili ambao sitawauzia dawa ya mzio bila kwanza kuonwa na daktari. Wa kwanza ni yule aliye chini ya miaka 2, kwa sababu mwili huhitaji kukutana na chavua kwa msimu mmoja au zaidi kabla ya kujenga mzio nayo, hivyo pua inayotiririka katika umri huo mara nyingi ina sababu nyingine. Wa pili ni yule anayetoa kamasi lenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua. Huyo huenda ameingiza shanga au kipande cha sponji, na hakuna dawa ya maji itakayokitoa.

Hatua ya 2: Tafuta dalili inayoongoza

Muulize mtoto mwenyewe, kama anaweza kujieleza, ni kitu gani kinachomkera zaidi. Ikiwa ni chafya, muwasho na kamasi nyepesi zinazokuja na kuondoka, antihistamini (dawa inayozuia kazi ya histamini) ya kumeza inatosha kuanzia. Ikiwa ni pua iliyoziba, kiasi kwamba analala mdomo wazi na kukoroma, antihistamini pekee haitafua dafu, na dawa inayofaa zaidi ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani. Ikiwa ni macho tu, kuna matone ya antihistamini kama ketotifeni, ambayo hutumika kuanzia miaka 3. Kitambaa safi kilicholowekwa katika maji baridi na kuwekwa juu ya kope hutuliza pia.

Hatua ya 3: Ukichagua antihistamini, chagua ya kizazi kipya

Antihistamini za zamani, kama klofeniramini, difenhidramini na promethazini, huvuka kwa urahisi kutoka kwenye damu na kuingia katika ubongo. Ndiyo maana mtoto husinzia. Wazazi wengi hufurahi wanapomwona amelala wakidhani dawa imefanya kazi, kumbe usingizi ni madhara ya dawa wala si dalili ya kupona, na keshoye darasani mtoto huyo atakuwa mzito wa kuelewa. Watoto wengine hupata kinyume chake: huchachamaa, wakakosa utulivu na usingizi usiku kucha. Promethazini ina hatari kubwa zaidi, kwani inaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mchanga hadi kuua, na tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza onyo kali kwamba isitolewe kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2.

Setirizini, loratadini na feksofenadini haziingii ubongoni kwa kiasi hicho. Kati ya hizo tatu, setirizini ndiyo inayoweza kuleta usingizi kidogo, kwa hiyo ninapendekeza itolewe jioni. Loratadini na feksofenadini ni nyepesi zaidi kwa mtoto wa shule. Feksofenadini ina tabia moja inayosahauliwa: isimezwe pamoja na juisi ya matunda, kwa kuwa juisi hupunguza kiasi cha dawa kinachofyonzwa mwilini. Tumia maji.

Majina haya nimeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye kisanduku yataandikwa kwa tahajia ya kigeni, bila "i" hiyo ya mwisho, na pengine "s" ikiwa "c" au "ks" ikiwa "x", lakini ukilisoma kwa sauti utalitambua.

Hatua ya 4: Soma kiambata hai, usisome picha

Mama mmoja aliwahi kuniletea chupa mbili mfukoni mwake, moja ya mzio na nyingine ya kikohozi na mafua, huku mtoto amemlalia begani saa nne asubuhi. Nilizigeuza chupa zote mbili na kumwonyesha maandishi madogo ya nyuma. Klofeniramini ilikuwamo katika zote. Alikuwa anampa mwanawe dozi mbili za dawa ileile bila kujua, kwa sababu chupa moja ilikuwa na picha ya ua na nyingine ya mtoto mwenye skafu.

Kwa hiyo geuza kisanduku, tafuta orodha ya viambata hai, yaani kemikali zinazofanya kazi ya dawa, na ulinganishe na kila dawa nyingine ambayo mtoto anatumia. Ninapendelea dawa yenye kiambata kimoja. Dawa mchanganyiko za mafua na kikohozi hazifai kwa mtoto mdogo. Uingereza ilizizuia kwa walio chini ya miaka 6 mwaka 2009. Nyingi pia zina fenilefrini ya kumeza, ambayo jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilihitimisha mwaka 2023 kwamba haizibui pua kwa kipimo kinachouzwa.

Hatua ya 5: Pima kwa miligramu kwanza, kisha mililita

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kwa kawaida, loratadini kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5 ni miligramu 5 mara moja kwa siku, na kuanzia miaka 6 ni miligramu 10, ingawa baadhi ya lebo hutumia uzito wa kilo 30 kuwa mpaka. Setirizini kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5 huanza na miligramu 2.5 kwa siku na haipaswi kuzidi 5. Kuanzia miaka 6 ni kati ya 5 na 10 kwa siku. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo au ini apangiwe kipimo na daktari. Fuata lebo ya dawa uliyonayo mkononi hata ikitofautiana kidogo na vipimo hivi.

Sasa angalia ukolezi. Setirizini ya maji mara nyingi huwa na miligramu 5 katika kila mililita 5, kwa hiyo miligramu 2.5 ni mililita 2.5. Lakini setirizini huuzwa pia kama matone yenye miligramu 10 katika mililita 1. Mzazi akivuta mililita 2.5 za matone hayo kwa mazoea, mtoto atameza miligramu 25, yaani mara 10 ya kipimo chake.

Tumia sirinji ya kunyweshea, si kijiko cha jikoni. Ukitaka kujua sababu, chukua vijiko vya chai vitatu tofauti, vijaze maji, kisha uyavute kwa sirinji na usome namba: ni nadra vitatu hivyo kukubaliana.

Hatua ya 6: Steroidi ya pua ipulizwe kwa mbinu sahihi

Neno "steroidi" huwatisha wazazi, na hofu hiyo si ya bure, lakini kiasi kinachopulizwa puani ni kidogo na sehemu ndogo sana hufika kwenye damu. Flutikasoni furoati hutumika kuanzia miaka 2, mometasoni kuanzia miaka 2 au 3 kutegemea nchi, flutikasoni propionati kuanzia miaka 4, na budesonidi kuanzia miaka 6. Kwa kuwa dawa hizi zinaweza kupunguza kasi ya kurefuka kwa kiasi kidogo, mtoto anayezitumia kwa miezi mingi apimwe kimo mara kwa mara.

Mwambie mtoto apenge kamasi, ainamishe kichwa mbele kidogo, kisha upulize ukielekeza ncha upande wa sikio na si kwenye ukuta wa katikati ya pua, kwa sababu ukuta huo ukilengwa kila siku huchubuka na kutoa damu. Avute pumzi taratibu. Akivuta kwa nguvu hadi akaionja dawa kooni, imepita pasipotakiwa. Nafuu kamili huweza kuchukua hadi wiki 2, hivyo usiitupe baada ya siku 3, na kama unajua msimu wake, anza wiki moja au mbili kabla haujafika.

Hatua ya 7: Zijue dawa za kukataa au kuulizia

Matone ya kuzibua pua kama oksimetazolini hayafai kwa mtoto wa chini ya miaka 6 bila ushauri wa daktari, na hata kwa mkubwa yasizidi siku chache, kwani pua huyazoea na kuziba vibaya zaidi. Montelukasti, dawa ya kumeza ya pumu na mzio, ina onyo la 2020 la mamlaka ya dawa ya Marekani kuhusu ndoto za kutisha, mabadiliko ya tabia na mawazo ya kujiua, kwa hiyo hubaki kwa mtoto ambaye dawa nyingine zimeshindwa. Sindano ya steroidi kwa ajili ya chafya ikatae.

Hatua ya 8: Pima matokeo

Andika dalili za kila siku kwa wiki 2. Ikiwa antihistamini imepungukiwa, ongezea au badilisha kwa steroidi ya pua badala ya kuzidisha dozi. Mtoto akikohoa usiku, akitoa mlio kifuani au akibanwa na pumzi, huenda ana pumu, na anahitaji daktari siku hiyohiyo. Akivimba midomo au ulimi, akatapika au kulegea ghafla, hiyo ni dharura inayotibiwa kwa adrenalini, wala usipoteze dakika ukitafuta dawa ya maji. Na iwapo atapangiwa kipimo cha mzio cha kuchomwa ngozi, uliza mapema siku ya kusimamisha antihistamini, kwa kawaida takriban wiki moja kabla, kwa sababu ngozi iliyo na dawa haitajibu na itabidi mrudi siku nyingine.