SOMO: Kupima makingamaji kwa fremu A (someni kabla ya kuniuliza)

Naandika hili mara moja ili nisiliandike tena. Tangu mvua zikatike nimeulizwa jambo hili na watu kumi na kitu, mmoja alipiga saa sita usiku. Mimi nalima viazi na pareto Umalila, milima ambayo gunia likikuponyoka unalifuata kwa jirani. Wewe wa mpunga Usangu, kule tambarare, pita tu.

Wengi huku bado tunapiga matuta ya kuteremka na mlima, eti maji yapite viazi visioze. Maji yanapita kweli, na udongo yanaondoka nao. Ukiona mto umegeuka rangi ya chai ya maziwa mwezi wa kwanza, mle ndani imo mbolea uliyonunua kwa mkopo. Dawa yake ni makingamaji: mfereji na tuta vinavyokata mlima kwa usawa, na fremu A ndiyo kifaa cha kuupata huo usawa.

Hatua ya 1. Tafuta miti miwili ya mita 2 na kidogo na mmoja wa mita 1.2. Gongea umbo la A, miguu iachane mita 2.

Hatua ya 2. Funga uzi wa fundi kileleni, chini yake jiwe la ukubwa wa ngumi. Jiwe lining'inie chini ya ule mti wa kati. Ni timazi tu.

Hatua ya 3. Tafuta alama ya katikati. Hapa ndipo niliharibu, kwa hiyo soma taratibu. Msimu wangu wa kwanza nilisimamisha fremu sebuleni kwenye sakafu ya saruji, uzi ulipotulia nikachora alama, nikaenda shambani kifua mbele. Kumbe sakafu yenyewe imelalia upande wa mlango, kama sentimita 2 kati ya mguu na mguu. Kwa macho huzioni. Sasa mstari wangu ulikuwa wa mita 60, yaani hatua 30 za fremu, na kila hatua niliinyanyua na kuisogeza mguu uleule ukiwa mbele. Mbili mara thelathini, sentimita 60. Kingamaji nililolisifia kwa watu lilikuwa limezama upande mmoja kupita kimo cha goti. Mvua ya Februari ilipokuja, maji ya mstari mzima yalikimbilia pembe ile, yakapasua tuta, yakachimba korongo katikati ya viazi vya jirani. Nilimlipa gunia nne, lumbesa, na mpaka leo salamu yake ni fupi.

Fanya hivi. Weka mawe mawili bapa chini, umbali wa miguu ya fremu. Si lazima pawe sawa. Simamisha fremu juu yake, subiri jiwe litulie, chora kwa penseli pale uzi unapogusa mti wa kati. Kisha igeuze: mguu wa kulia ukae palipokuwa na wa kushoto, na wa kushoto uende kulia. Chora tena. Utapata alama mbili. Nusu ya nafasi iliyo kati yake ndiyo alama yako, ichonge kwa kisu isifutike.

Tahadhari: usipime kwenye upepo, huku kwetu maana yake pima asubuhi tu. Mti mbichi hupinda ukikauka, rudia upimaji kila siku ya kazi. Na ukiangusha fremu, usijifariji kwamba haikusogea. Rudia.

Hatua ya 4. Anzia juu ya shamba, kamwe si chini, piga hapo kigingi cha kwanza. Kupata mstari unaofuata, teremka huku ukigeuka kutazama juu mlimani, macho yakiwa sawa, bila kuinua kichwa. Pale macho yako yanapokutana na kigingi cha mstari wa juu kinapoingia ardhini, simama. Miguu yako iko kwenye mstari wa pili. Mteremko ukiwa mkali, mistari itakaribiana yenyewe.

Hatua ya 5. Tembeza fremu: mguu mmoja kwenye kigingi, mwingine usogeze juu au chini mpaka uzi uguse alama, piga kigingi. Kisha zungusha fremu, mguu wa mbele ukibaki palepale, ule wa nyuma upite kwenda mbele. ZUNGUSHA, usinyanyue kama nilivyofanya mimi.

Hatua ya 6. Kigingi kimoja kilichojitenga na wenzake kisogeze kidogo. Mstari utapinda kama mlima unavyopinda, acha upinde.

Hatua ya 7. Chimba mfereji upana sentimita 60, kina 60, udongo urushe upande wa juu. Acha kinjia cha kama shubiri kati ya mfereji na tuta, udongo usirudi shimoni. Ndani ya mfereji bakiza vizuizi vya udongo kila baada ya mita chache, ili tuta likipasuka mahali pamoja, maji ya mstari mzima yasipitie hapo.

Hatua ya 8. Mvua za kwanza tu, panda majani ya guatemala juu ya tuta.

MASWALI

Kijana wa Uyole: Kaka, hiyo fremu naipata duka gani na bei gani?
Jibu: Hatua ya 1.

Mtu wa Mafinga: Kwa kifupi tu mkuu, nichimbe kila baada ya mita ngapi? Maelezo ni marefu.
Jibu: Shamba lako silioni kutoka hapa. Soma hatua ya 4, ni sentensi tano tu.

Fundi Simu: Siku hizi kuna programu ya kupima usawa kwenye simu, haya ya mawe na kamba ni ya babu zetu.
Jibu: Sijakataza simu. Lakini hiyo simu nayo umeipima usawa wake wapi, sebuleni? Fremu yangu haikuhitaji chaji, na viazi viko salama msimu wa tatu huu.

Mama Lupembe: Kamwene. Nimerudia hatua ya 5 mara mbili. Kuzungusha kunasaidia nini kama alama tayari ni sahihi?
Jibu: Kamwene mama, umeuliza la maana. Alama haikosi kosa dogo, hata la nusu sentimita. Ukizungusha, mguu uliokuwa nyuma unakuwa mbele, kwa hiyo kosa lililokushusha hatua hii linakupandisha hatua ijayo. Yanafutana. Ukinyanyua, yanajumlishwa.

Mama Lupembe: Nimeelewa. Ila mvua zetu ni nyingi, mfereji uliolala sawa si utajaa ufurike?
Jibu: Utafurika, ndiyo. Penye mvua nyingi mfereji hupewa mteremko mdogo sana, maji yatoke polepole kuelekea mkondo uliooteshwa majani, si kwenye udongo mtupu. Fungia kibao cha sentimita 1 chini ya mguu wa mbele, ufuate alama ileile. Kila mita 2 utashuka sentimita 1. Kwa kazi hiyo sasa usizungushe, mguu wenye kibao ubaki mbele daima, ndiyo maana hatua ya 3 lazima iwe imefanyika vizuri. Na vizuizi vya mfereji viwe vifupi, maji yapite juu yake.

Mmatengo: Sisi Mbinga tuna ngoro. Majani yanapangwa miraba, udongo unafukiwa juu, katikati linabaki shimo. Hatujawahi kushika fremu.
Jibu: Nimeziona, nawavulia kofia. Kila shimo linabeba maji yake, na majani yanaozea humo humo. Wewe andika somo la ngoro, mimi nitakuwa wa kwanza kuuliza.

Mama Lupembe: Na fuko je? Kwangu wanatoboa tuta.
Jibu: Hata kwangu. Napita baada ya kila mvua nashindilia kwa miguu.

Mzee wa Isongole: Mama, panda utupa kwenye tuta. Wazee wetu wanasema fuko haupendi. Majani yake ukitwanga unanyunyizia wadudu pia, ila usimwage mtoni, utaua samaki.
Jibu: Shikamoo mzee. Mbegu unazo?

Mzee wa Isongole: Marahaba. Ninazo, lete mche wa guatemala tubadilishane.

Kijana wa Uyole: Hatua ya 1 nimeiona. Misumari inchi ngapi?
Jibu: Nne. Au kamba.