Somo: Raifoli porini, kuanzia kabatini hadi mnyama anapolala

Msimu ukikaribia, maswali ya wanachama wa kundi letu la uwindaji huwa yale yale: darubini gani nzuri, risasi zinapatikana wapi, gari lina nafasi? Sijasikia anayeuliza risasi ikimkosa mnyama inakwenda kuishia wapi. Somo hili nimelipanga kuzunguka swali hilo. Linamhusu mwenye leseni ya silaha na leseni ya uwindaji, zote zikiwa hai. Kama huna moja kati ya hizo, anzia polisi na TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kisha urudi. Leseni yenyewe pia haifungui kila pori. Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi na Kizigo ni mapori ya akiba, huingii bila kibali hata kama bunduki umeiacha nyumbani.

Sisi wa Dodoma na Singida tuna shida yetu. Sehemu kubwa tunakowinda ni tambarare ya migunga na mibuyu, na majabali yamechomoza huku na huku. Tambarare haina kitu cha kuizuia risasi, na jabali linaidundisha upande usioutegemea. Risasi ya .30-06, kaliba (ukubwa wa risasi) ya kawaida ya kuwindia, ikipigwa kwa kuinuliwa juu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 4. Hata ile ya .22 ambayo wengi wanaiona ya kitoto inafika karibu kilomita 2. Sasa fikiria kilomita 4 mbele ya pale uliposimama kuna nini. Kuna boma, kuna kisima, kuna watoto na mbuzi zao, kuna mtu juu ya mti anarina asali. Wote hao hujawaona.

Hatua ya 1: Nyumbani

Bunduki ikae kwenye kabati la chuma lililofungwa, risasi zikae kwingine, na funguo isiwe juu ya fremu ya mlango ambako kila mtoto wa nyumba anajua ipo.

Kabla ya safari toa bolti, yaani komeo la chuma la nyuma, elekeza kasiba (bomba la mtutu) kwenye mwanga utazame ndani. Nyigu wa udongo hupenda tundu la namna hiyo kwa kujengea, na bunduki iliyokaa miezi inaweza kukutwa na udongo mtutuni. Kasiba ikiziba, hata kwa kitu kidogo, inaweza kupasuka mbele ya uso wako. Mafuta paka kidogo tu, maana vumbi letu jekundu likichanganyika nayo linakuwa msasa. Mwisho linganisha maandishi yaliyogongwa kwenye kasiba na yale yaliyo kwenye kitako cha risasi. Yasipofanana herufi kwa herufi, hiyo risasi si ya bunduki hiyo, hata kama inaingia.

Hatua ya 2: Kusawazisha darubini

Darubini ya bunduki iliyosafiri kwenye barabara ya makorongo haiaminiki mpaka uipime upya. Tafuta kiwanja kinachoruhusiwa chenye kifusi kirefu cha udongo nyuma ya shabaha, mita 100, piga risasi tatu kwa utulivu, rekebisha, piga tatu nyingine. Usipime kwenye jiwe wala kwenye shina la mbuyu. Ziba masikio. Mlio wa raifoli unazidi desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu usikivu, na usikivu ukipotea hivyo haurudi. Fanya kazi hii asubuhi. Mchana mvuke wa joto unaichezesha shabaha, na Agosti upepo wetu mnaujua.

Hatua ya 3: Ndani ya gari

Chemba (tundu la nyuma ya kasiba inamokaa risasi ya kupigwa) tupu, magazini (kisanduku cha risasi) nje, bolti wazi. Unapompa mwenzako bunduki, mwonyeshe chemba, na yeye aitazame mwenyewe hata kama amekuona ukiitoa risasi sekunde mbili zilizopita. Hapo hakuna kumdharau mtu. Usiivute bunduki kutoka kwenye gari kwa kushika mdomo wa mtutu. Kitu kikinasa kwenye triga (kifyatulio), kifua chako ndicho kiko mbele.

Kupiga ukiwa juu ya gari ni kosa la sheria, na pia kupiga ukiwa ndani ya mita 200 kutoka kwenye gari, kwa wanyama hawa tunaowinda sisi. Kuwinda usiku nako hakuruhusiwi. Naongeza la kwangu: anayepiga kutoka kwenye gari huyo hajawinda, amechinja kwa mbali.

Hatua ya 4: Kutembea

Tunatembea kwa mstari mmoja. Anayeongoza anaelekeza mtutu mbele au kushoto, anayefuata kulia, wa mwisho chini upande wake. Mtutu wa mtu yeyote usipite juu ya mwili wa mtu yeyote, hata kwa kufumba na kufumbua wakati wa kugeuka kutazama ndege. Kidole kinalala kwenye mbao, nje ya kizingiti cha triga, mpaka umeamua kupiga. Marehemu Jeff Cooper wa Marekani, aliyekuwa askari kisha mwalimu wa silaha, alizifupisha kanuni hizi ziwe nne: kila bunduki ichukulie ina risasi, usielekeze mtutu usikotaka kuharibu, kidole nje ya triga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Nimeona watu wanazitaja zote nne kwa mpigo huku mtutu unatazama mguu wa jirani.

Kwenye kundi letu bunduki yenye risasi chemba inakuwa moja tu, ya mwenye zamu. Mkifika kwenye jabali la kupanda, korongo au uzio wa miiba, hiyo moja nayo inatolewa risasi, inapitishwa, halafu mtu anapita.

Hatua ya 5: Kabla ya kuvuta triga

Hapa msiharakishe.

Kwanza, ni mnyama gani? Si “kitu cha kahawia kinachotikisika”. Mtambue jinsi yake, umri wake, na kama ana ndama. Mwenye mimba au mwenye ndama haguswi. Tandala jike hana pembe, swala pala jike hana pembe, kwa hiyo hao ni rahisi. Kongoni jike ana pembe kama dume, hapo ndipo watu wanaponaswa. Twiga tusimzungumzie kabisa. Na kama mwanga umeshakuwa hafifu hata unabishana na mwenzako, jibu mmeshalipata.

Pili, nyuma yake kuna nini? Unataka udongo. Mnyama aliyesimama bondeni huku wewe uko kwenye mwinuko, risasi ikipita inazama ardhini: piga. Mnyama aliyesimama kwenye ukingo wa kilima, mbingu nyuma yake, hata awe dume la ndoto zako: usipige. Mnyama aliye mbele ya jabali: usipige. Mnyama aliye kwenye kundi, mwingine nyuma ya bega lake: subiri, maana risasi ya raifoli inaweza kumpitia wa kwanza na kumjeruhi wa pili ambaye hukumlipia na hutamfuata. Ukisikia kengele ya ng'ombe au mluzi wa mchungaji, toa risasi chemba. Usianze kukisia yuko mbali kiasi gani.

Tatu, je, wewe unaweza kumpiga hapo alipo? Tumia vijiti vitatu vya kuegemea. Bila egemeo, ukiwa umetoka kutembea na pumzi iko juu, mita 100 ni mbali. Wanyama wetu moyo wao uko chini na mbele, katikati ya miguu ya mbele. Akisimama ubavu, panda na mstari wa mguu wa mbele mpaka theluthi ya kimo cha mwili. Hapo kuna moyo na mapafu. Kichwa waachie wanaopenda kujisifu. Taya lililovunjika linamuua mnyama kwa njaa, siku nyingi, mahali ambapo humwoni. Nyati yuko kwenye somo lake, ila mjue kwamba kaliba ya chini inayokubalika kwake ni .375.

Hatua ya 6: Baada ya mlio

Tia risasi nyingine papo hapo, macho yakiwa bado kwake. Kariri aliposimama na mti alioupita. Kisha washa swichi ya usalama, mtutu chini, ukae. Asikimbie mtu kwenda kupiga picha.

Nenda pale aliposimama, siyo pale alipopotelea. Damu nyekundu angavu yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Damu nzito, nyeusi kidogo, ni ini. Ukikuta majimaji ya kijani na majani yaliyosagwa, umempiga tumbo, na ukimfuata sasa hivi utamsukuma kilomita nyingi. Mwache alale, saa kadhaa, halafu mfuate taratibu. Ndiyo maana mtu mwenye akili hapigi saa kumi na moja na nusu jioni. Mkiwa upande wa Kwa Mtoro, mwombeni mzee wa Kisandawe anayejua nyayo aongozane nanyi na askari wa wanyamapori, mumlipe vizuri. Damu ikikatika, macho yake yatawasaidia kuliko darubini zenu zote.

Mnyama aliyejeruhiwa anahesabiwa kama aliyeuawa. Umemlipia, umeshamaliza. Huyo asiyepatikana haruhusu kutafuta mwingine.

Ukimfikia, njoo kwa nyuma, upande wa mgongo. Gusa jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa, risasi ya pili, bila mjadala.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kondoa:* Shikamoo mzee. Sisi Waislamu tunataka kumkuta hai tuchinje. Kijana wetu hukimbia na kisu mara mlio ukisikika. Ni sawa?

Marahaba. La dini muulize sheikh wako, ingawa wengi niliowasikia wanaruhusu kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, na akikutwa hai anachinjwa. Langu ni la bunduki. Kijana akikimbia mbele ya mpigaji ambaye ana risasi chemba, amejiweka kwenye mstari. Aende baada ya mpigaji kusema “tayari”, wote watokee upande mmoja wa mgongo, mpigaji awe pembeni yake na mtutu ukitazama kando. Mnyama akiwa bado ana nguvu za kuinua kichwa, ni risasi, kisu kingoje. Pembe ya tandala haijali nia njema.

*Mwanachama, Manyoni:* Kwenye kichaka cha Itigi huoni mita kumi. Si bora niwe nimekoki, risasi iko chemba, na kuweka usalama?

Hapana. Swichi ya usalama ni kipande cha chuma, inachakaa, na kwenye kichaka kile inasukumwa na vijiti kama triga yenyewe. Kwenye kichaka kile risasi zikae magazini, chemba tupu, hata kwa mwenye zamu. Kukoki ni sekunde moja. Mnyama unayemwona kwa mita kumi ndani ya kichaka nyuma yake huoni chochote, kwa hiyo ile hatua ya 5 imeshakukatalia.

*Mwanachama, Bahi:* Nilivuta triga ikalia “tik”, basi. Nikafungua bolti, mwenzangu akanigombeza. Kosa langu nini?

Umefungua mapema. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Shikilia bunduki ikitazama upande salama, hesabu sekunde 30 kamili, ndipo utoe risasi. Kuna na hatari nyingine: mlio hafifu, kama kofi badala ya kishindo. Hapo kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya kasiba. Usipige ya pili mpaka umetoa bolti ukaona mwanga upande wa pili.

*Dada, Dodoma mjini:* Mkuu wangu wa kazi anakuja nasi. Ni mtu mzima, anapenda kupiga akiwa juu ya gari na hapendi kuambiwa. Nitamwambiaje?

Usimwambie porini mbele ya watu, hapo utamlazimisha akaze. Mpelekee kabla ya safari, kwa heshima: “Mzee, kundi letu lina utaratibu, na askari atakuwepo, nisingependa uje uaibike.” Mpe utaratibu ule ule mnaowapa vijana. Porini anayeongoza msafara ndiye mkubwa, hata akiwa mdogo wako wa mwisho. Kama hilo hawezi kulibeba, mwambieni nafasi kwenye gari zimejaa.

*Mwanachama, Mpwapwa:* Baba amefariki ameacha gobore darini. Nililete mlione?

Pole sana kwa msiba. Usililete, na usilishike. Gobore linaweza kukaa miaka na baruti ndani na hakuna chemba ya kufungua uone. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, eleza, waje walichukue wenyewe. Ukikutwa nalo barabarani maelezo yatakuwa marefu.

*Mwanachama, Singida:* Shemeji hana leseni ya silaha. Apige moja tu kwa bunduki yangu, mimi nikiwa pembeni?

Hapana.

*Mwanachama, Chamwino:* Nyama iliyozunguka tundu la risasi inafaa kuliwa? Mke wangu ana ujauzito.

Risasi iliyotengenezwa kwa madini yaitwayo pia risasi (lead) ikigonga mfupa inasambaa vipande ambavyo jicho halivioni, na vinakwenda mbali na tundu. Madini hayo ni sumu, zaidi kwa mtoto aliye tumboni. Kata upana wa kiganja au zaidi kuzunguka jeraha na nyama yote yenye damu iliyovilia, uifukie, usiwatupie mbwa. Utumbo uliopitiwa na risasi ufukie pia, kwa sababu tumbusi wanakufa kwa sumu hiyo hiyo. Jimbo la California huko Marekani limepiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Risasi za shaba tupu zipo, ni ghali kidogo, na ukibadilisha lazima uisawazishe darubini upya. Kwa mke wako, mwaka huu mpe paja la upande ambao haukupigwa, au mnunulie mbuzi.